Dawa ya Deni la Kamari Huanza kwa Kulitaja

Dawa ya deni ni kulipa. Sote tumelelewa na msemo huo. Lakini kama deni lako limetokana na kubeti, kuna dawa inayotangulia kulipa, na wengi huiruka: kulitaja lote mbele ya mtu mwingine, bila kupunguza hata soo moja.

Kwenye masomo yetu ya pesa tumezungumzia bajeti, akiba na mikopo. Somo la leo ni gumu kidogo, na pengine wewe ndiye ulikuwa unalingoja. Tutaliongea wazi, kwa sababu pesa ya kubeti hupitia kwenye simu, kwa huduma kama yetu. Hatuwezi kujifanya hatuioni.

Katika somo hili utajifunza:

- Kwa nini deni la kamari hukua haraka kuliko madeni mengine
- Kwa nini kulipiwa deni mara nyingi hakusaidii
- Jinsi watu waliopitia shida moja wanavyoshikana mikono na kutoka
- Jinsi ya kupanga madeni yako na kufunga milango ya kubeti kwenye simu

Kwanza, hesabu ya mkeka

Tuseme umechagua timu 10, na kila moja unaiamini kwa asilimia 80. Ukiziangalia moja moja, zote zinaonekana ni za kushinda. Lakini mkeka hauhesabiwi hivyo. Lazima zote zishinde pamoja, kwa hiyo unazidisha 0.8 mara kumi. Jibu ni kama 0.107, yaani mikeka 10 ya aina hiyo, huenda mmoja tu ukaingia. Na kama timu hizo ni za asilimia 60, nafasi inashuka hadi mikeka 6 kwa kila 1,000. Ndiyo maana kila Jumapili unasikia, "Timu moja tu ndiyo ilinichoma!" Haikuwa bahati mbaya. Mkeka ndivyo ulivyoundwa.

Kosa la pili ni kuamini kwamba ukishapoteza sana, zamu yako ya kushinda imekaribia. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyorudi, ndivyo watu walivyozidi kumwaga pesa kwenye nyekundu wakisema sasa lazima ije. Walipoteza mamilioni ya faranga. Gurudumu halina kumbukumbu. Kale kandege kanakopaa kwenye simu yako nako hakakumbuki kwamba jana kalikula mia tano zako.

Sasa ongeza mkopo juu yake. Mtu anayebeti shilingi 200 kwa siku hutumia 6,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 73,000. Salio likiisha, anafuliza. Akifika kikomo, anachukua mkopo wa simu. Mkopo wa 10,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 unaonekana mdogo: ni 750 tu. Lakini ukiulipa leo na kuuchukua tena kesho, mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka mmoja umelipa ada ya 9,000 na ile 10,000 bado unadaiwa.

Deni la karo au la hospitali lina mwisho: karo ikilipwa, mtoto amerudi shule. Deni la kamari halina mwisho kama huo, kwa sababu kila ukikopa, unakopa ili urudishe pesa iliyopotea. Hilo ndilo watu huita kufukuzia hasara. Shirika la Afya Duniani, WHO, linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kwa hivyo ukishindwa kuacha kwa kujikaza peke yako, usijiite mjinga. Hata mlevi haponi kwa kuambiwa tu, "Si uache."

Kwa nini kulipiwa deni hakusaidii

Hii ndiyo sehemu inayowauma wazazi, mabibi na mabwana.

Mwanao anakuja usiku akilia. Amekopa, wadai wanampigia simu, anataka 30,000 amalize yote. Unauza mbuzi, unachukua mkopo kwenye sacco, unamlipia. Anaapa hatarudia, na siku hiyo anaamini anachokisema. Miezi mitatu baadaye deni ni 50,000.

Nini kimetokea? Mzigo umeondolewa lakini ugonjwa umebaki. Tena kikomo chake cha kukopa kimefunguka upya, kwa sababu kwa macho ya mkopeshaji yeye sasa ni mteja anayelipa vizuri. Na mara nyingi hakutaja deni lote. Alisema 30,000 kwa aibu, akaficha 12,000 akitumaini atairudisha kwa mkeka mmoja. Hiyo 12,000 iliyofichwa ndiyo inayomrudisha kwenye kubeti.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa deni la kamari, kile unachokificha ndicho kitakachokurudisha.

Wenzako wanajua kitu ambacho jamaa zako hawajui

Tarehe 13 Septemba 1957, mjini Los Angeles nchini Marekani, watu waliokuwa wameshindwa na kamari walifanya mkutano wa kwanza wa Gamblers Anonymous. Waliiga mfano wa vikundi vya walevi wanaoacha pombe, Alcoholics Anonymous, vilivyoanza 1935. Masharti yao ni mepesi: hakuna ada, hakuna majina kamili, na kinachotakiwa kwako ni nia ya kuacha kamari tu. Kila mmoja anaongea zamu yake, wengine wanasikiliza. Hesabu ni ya siku moja moja: leo sijabeti.

Kuna jambo moja kwao ambalo sisi watu wa pesa tunalipenda sana. Mwanachama akishakaa nao kwa muda, wenzake wawili watatu waliotangulia huketi naye, pamoja na mkewe au mumewe, na madeni yote huwekwa mezani. Hapo hakuna anayelipiwa. Wanamsaidia kupanga: nyumba itakula nini, kila mdai atapata ngapi kwa mwezi, na nani atashika pesa kwa sasa.

Kwa nini waliopitia? Kwa sababu hawadanganyiki kirahisi. Ukimwambia mama yako, "Niko sawa," atafurahi. Ukimwambia mtu aliyewahi kubeti pesa ya kodi ya nyumba, mazungumzo yanakuwa hivi:

"Buda, umebeti leo?"
"Bado."
"Bado ni nini? Sema ndiyo ama la."
"La. Lakini nilifungua nikaangalia mechi."
"Sawa. Basi tuanze hapo kwa kuangalia mechi."

Wala hakuna aliyemtukana. Lakini hakuna pia aliyeachia "bado" ipite.

Wakenya tuna bahati moja: vikundi tunavijua. Chama tumezaliwa tukakikuta. Kukutana kila wiki, kuandika kwenye daftari, kuulizana maswali ya pesa bila kuogopana, hayo si mambo mageni. Kikundi cha kuacha kamari kinatumia ujuzi uleule, ila hapa michango ni ukweli wa kila mtu.

Jinsi ya kuanza kikundi chenu

1. Anza na watu wawili au watatu. Huhitaji ishirini. Mtafute mmoja unayejua naye anateswa na kubeti na anataka kutoka. Kwenye stage, kwenye mjengo, kwenye hosteli, yupo.

2. Chagueni siku na mahali pasipo na skrini ya mpira. Kanisani, msikitini baada ya swala, chini ya mti, popote. Jumamosi mchana si siku nzuri, mechi zinaanza.

3. Wekeni sheria tatu tu. Kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Hakuna kukopeshana pesa ndani ya kikundi. Hakuna kusimulia ushindi wa zamani, maana hadithi ya "nilivyoshinda elfu themanini" humtamanisha mwenzako kuliko tangazo lolote.

4. Kila mmoja awe na mtu wake wa simu. Hamu ya kubeti ikikushika saa nne usiku, unampigia kabla ya kuweka pesa. Mara nyingi hamu hupanda kama wimbi kisha hushuka. Dakika ishirini za kuongea zinaweza kulipitisha.

5. Leteni taarifa ya miamala. Kila mwisho wa mwezi, kila mtu aombe taarifa ya miamala ya simu yake na kumwonyesha mwenzake mmoja. Mdomo unaweza kusahau. Taarifa inaonyesha kila paybill, tarehe na saa.

Tahadhari: kamwe usimpe mwenzako PIN yako, hata kwenye kikundi. Kuonyesha taarifa kunatosha.

Kikao cha madeni: mfano

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda. Mfano huu tumeuunda sisi kwa ajili ya somo, lakini huenda ukaona jina lako ndani yake. Pikipiki ni yake. Yeye ndiye hupeleka pesa ya chama chao benki, na mwezi uliopita haikufika. Akiulizwa anadaiwa ngapi, anasema, "Kama elfu arobaini hivi." Wenzake wawili wanaketi naye na bibi yake, daftari linafunguliwa:

- Deni la kufuliza: 4,300
- Programu tatu za mikopo: 11,700
- Sacco ya bodaboda: 28,000
- Shemeji: 9,000
- Pesa ya chama: 14,000
- Duka la mtaa: 1,850

Jumla: 68,850. Kwa hesabu yake ya kichwa alikuwa amepoteza zaidi ya elfu ishirini na nane, na hakuwa anadanganya kwa kusudi. Alikuwa ameacha kuangalia.

Sasa mapato. Baada ya mafuta anabaki na kama 900 kwa siku. Kwa siku 26 ni 23,400. Matumizi ya nyumbani yanatoka kwanza: kodi 5,500, chakula 8,500, karo 2,000, stima na maji 900, kutengeneza pikipiki 1,000. Jumla 17,900. Zinabaki 5,500.

Wengi wangekimbilia kumpa mdai anayepiga kelele zaidi pesa yote, kisha nyumba ikose unga, kisha mtu akope tena. Kikundi kinafanya tofauti: 500 zinawekwa akiba ya dharura, 5,000 zinaenda kwa madeni. Mwezi wa kwanza, 4,300 zinafunga deni la kufuliza, kwa sababu deni hilo hukata pesa yoyote inayoingia kwenye simu na kuvuruga mpango wote. Zilizobaki 700 zinaenda dukani. Kuanzia mwezi wa pili: programu za mikopo 2,000, sacco 1,500, chama 1,000, shemeji na duka 500. Deni moja likiisha, kiasi chake kinahamia kwa linalofuata.

Kwa 5,000 kwa mwezi, deni hilo litachukua kama miezi 14, ukiacha riba. Ni muda mrefu. Lakini kwa mara ya kwanza lina mwisho unaoonekana.

Jambo gumu zaidi lilikuwa chama. Wenzake walimwambia aende mwenyewe kabla ya mkutano unaofuata, na mmoja akakubali kumsindikiza. Aseme kiasi, aseme kilichotokea, aseme atalipa 1,000 kila mwezi, na aombe aondolewe kazi ya kushika pesa. Hilo la mwisho ndilo linalofanya watu waanze kukuamini tena. Huenda watakasirika, na wana haki. Lakini mtu aliyekuja mwenyewe na daftari anatazamwa tofauti na aliyefichuliwa.

Funga milango kwenye simu yako

Nia njema bila kufuli ni kazi bure. Fanya haya siku moja, ukiwa na mwenzako kando:

- Jifungie akaunti zako za kubeti. Kampuni nyingi zenye leseni zina sehemu ya kujizuia mwenyewe. Kama huioni, waandikie huduma kwa wateja na uhifadhi jibu lao.
- Futa programu za kubeti, na ujitoe kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram yanayouza mikeka "ya uhakika". Kama ingekuwa ya uhakika, asingekuuzia mia mbili.
- Zima jumbe za matangazo. Hili si dogo: Aprili 2025, bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia kamari wakati huo, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 nchini kwa sababu ya madhara yake.
- Jiondoe kwenye huduma ya kufuliza ukishalipa, ili salio likiisha liwe limeisha kweli.
- Pesa ikiingia, ihamishe siku hiyohiyo: kodi kwa mwenye nyumba, karo shuleni, iliyobaki kwenye akiba iliyofungwa kwa muda. Kwa miezi ya kwanza, bibi, bwana au ndugu unayemwamini anaweza kushika pesa kubwa, wewe ubaki na ya matumizi ya siku.

Wadai wakikutishia

Kudaiwa hakukuondolei haki zako. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kukutisha, kukutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Wakifanya hivyo, hifadhi jumbe na upeleke malalamiko kwa Benki Kuu au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kisha endelea kulipa kile mlichokubaliana. Mpigie mdai kabla hajakupigia, mwambie kiasi unachoweza, na uombe makubaliano kwa maandishi.

Ukiteleza

Wengine huteleza. Mwezi wa tatu, siku ya fainali, mtu anaweka soo tatu. Hatari kubwa siku hiyo ni usiku unaofuata, ukijiambia, "Nimeshaharibu, acha nimalizie." Mpigie mtu wako wa simu kabla ya kulala. Sema kiasi, sema saa, sema ulikuwa wapi. Soo tatu zilizotajwa zinabaki soo tatu.

Na kwa ndugu wa anayeteleza: usimlipie, usimfukuze. Mpe chakula, mpe sikio, lipa karo moja kwa moja shuleni kama unaweza, lakini usiweke pesa taslimu mkononi mwake wala kwenye simu yake.

Kama deni limekufikisha mahali unafikiria kujidhuru, usingoje siku ya kikao. Piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya, uongee na mtu sasa hivi, au nenda hospitali iliyo karibu na mtu unayemwamini. Hakuna deni, hata la chama, linalolingana na uhai wako.

Kazi ya wiki hii

Usilipe chochote cha ziada kwanza. Fanya mambo matatu tu:

1. Omba taarifa ya miamala ya miezi sita iliyopita na ujumlishe pesa yote iliyokwenda kwa kampuni za kubeti, kisha utoe ile iliyorudi.
2. Andika kila unayemdaiwa kwenye karatasi moja, pamoja na yule ambaye hungependa kumwandika. Huyo hasa.
3. Chagua mtu mmoja na umsomee karatasi hiyo kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho.

Ukifika mstari wa mwisho, deni litakuwa ni lilelile, hakuna shilingi iliyopungua. Tofauti ni kwamba kesho asubuhi kutakuwa na mtu atakayekuuliza, "Umebeti leo?" na wewe utajua jibu la kumpa.